Abee ya Kiti cha Nyuma

Kengele ya mkanda ilianza kulia kabla hawajatoka getini. Haikuwa kelele ya kutisha, ni ile ting, ting ya adabu ambayo magari ya siku hizi huitoa mtu akikaa bila kujifunga. Baba Kishindo alijitazama kifuani, mkanda upo. Akamtazama dalali aliyekaa pembeni yake, naye amejifunga, mkanda umepita juu ya ile tai nyekundu ambayo hakuivua hata jua liwake vipi, ndiyo maana yadi nzima ya kuuzia magari walimwita Bwana Tai. Kwenye dashibodi kilikuwa kinawaka kitaa chekundu chenye kipicha cha mtu aliyeketi. Kiti cha nyuma, upande wa kushoto.

"Nyuma kuna nani?" aliuliza Baba Kishindo.

Bwana Tai alisema hakuna mtu, ni sensa ya kiti tu inasumbua, gari likikaa muda mrefu bila mwenyewe huwa na madeko. Fundi wa umeme aliyelikagua alikuwa ameshasema hivyohivyo, na pale yadini walikuwa wakitaniana kwamba sensa hii ni kiboko, inahesabu mpaka wasiokuwepo. Bwana Tai alicheka sana alipolisimulia hilo. Mtu mwenye haraka ya kuuza hucheka upesi.

Baba Kishindo hakucheka. Alisimamisha gari, akajipinda, akauvuta mkanda wa kile kiti kitupu na kuuchomeka. Kengele ikanyamaza. Kisha akaona raha, raha ya mzazi aliyekwisha kumfunga mtoto wake mkanda, na hapo ndipo mambo yalipoanza kwenda kombo ingawa mwenyewe hakujua.

Tuelezane kwanza huyu ni nani, maana msije mkadhani ni tajiri wa kuchezea magari. Alikuwa mwoka mikate. Mikate yake ilikuwa inaliwa mtaa mzima, na unga ulikuwa haumtoki kwenye kucha hata aoge mara ngapi. Sasa mwoka mikate na gari lile wapi na wapi? Gari la milango miwili, limelala chini karibu liguse lami, injini ikinguruma unaisikia mbavuni. Lilikuwa limetumika, ndiyo, na bei ilikuwa imeshuka, lakini hata hiyo iliyoshuka ilikuwa bado juu ya kichwa chake. Watu walisema mzee wa watu umri umempanda kichwani, sasa anatafuta vibinti.

Wasichojua ni kwamba alikuwa na miadi na binti mmoja tu. Mwanawe. Mtoto yule hakuwahi kutembea tangu alipojua kusimama, alikuwa akikimbia, akipita sebuleni sahani zinatetemeka kabatini, ndipo wakamwita Kishindo, na baba na mama nao wakawa Baba Kishindo na Mama Kishindo. Baba na binti walikuwa wagonjwa wa magari. Wakikaa juu ya magunia ya unga, simu mkononi, wanatazama picha za magari ya kasi, na kila likipatikana zuri lina viti viwili tu, na kila mara mtoto anauliza, na mimi nitakaa wapi? Mpaka siku moja wakaliona hili. Lina kasi ya kupeperusha akili, na nyuma lina viti viwili vidogo, kama vimepimwa kwa matako ya mtoto. Baba akasema, basi, hili ndilo letu, nitalinunua. Lilikuwa neno la mzaha tu, linalosemwa ili mtoto acheke.

Kisha ikaja homa, kifua kikambana mtoto, na wiki haikuisha. Meno yake ya utu uzima yalikuwa bado hayajamaliza kuota. Watu waliendelea kuwaita Baba Kishindo na Mama Kishindo, maana ungewaitaje? Nyumba ikawa kimya. Mama mtu, fundi wa keki aliyekuwa akiandika majina ya watoto kwa sukari ya rangi bila mkono kutetemeka, akaacha kupokea keki za watoto, akabaki na za harusi. Na baba siku moja, akipita na gari lake la kusambazia mikate mbele ya yadi, akaliona gari lile limeegeshwa kwenye safu ya mbele, limefutwa vumbi. Akaegesha, miguu ikaingia yenyewe.

Bwana Tai alikuwa anamjua na anakula mikate yake, kwa hiyo akamkabidhi aende nalo siku chache, alizoee, aamue polepole, huku gari la mikate likibaki yadini kama dhamana.

Kesho yake mvua ilimkuta kwenye foleni. Ilikuwa mchana lakini mbingu imefunga, vioo vimeingia ukungu, watu barabarani wanakimbilia vibarazani. Msichana mmoja wa shule alikatiza mbele yake akiwa ameshika viatu mkononi, anapiga dimbwi kwa miguu makusudi, na Baba Kishindo bila kukusudia, kama mtu anavyopiga chafya, akatamka, "Kishindo."

"Abee, baba."

Ilitoka nyuma, upande wa kushoto, sauti ileile nyembamba yenye mkwaruzo wa mtoto aliyekuwa akiumwa kifua, na ikaja na harufu, ile ya dawa ya kikohozi, tamu ya kuchefua, iliyomwagikia shuka zile siku za mwisho, ikajaa gari zima mpaka akaionja ulimini, na vinyweleo vya shingo vikamsimama, na alitaka kugeuka shingo ikakataa, akainua macho tu kwenye kioo akauona ule mkanda wa nyuma ambao hakuwa ameufungua tangu jana umevimba kidogo kwa mbele, kama umepita juu ya tumbo dogo, ukipanda na kushuka, ukipanda na kushuka, na magari ya nyuma yakaanza kumpigia honi maana foleni ilikuwa imesogea, naye amekaa palepale machozi yanamiminika huku anacheka, anacheka jamani, kama mtu aliyepokea mgeni.

"Kishindo wangu," akasema tena.

"Abee."

Mwanamume huyo akapotea hapohapo. Sitamlaumu, na wewe usimlaumu mpaka uwe umewahi kuliita jina la mtu wako kwenye chumba kitupu.

Tangu siku hiyo akawa anashinda garini. Mkewe akimuuliza vipi, hili gari tunanunua au tunarudisha, anasema bado anaisikiliza injini, gari la aina hii lazima ulisikilize. Jioni akishafunga kiwanda chake cha mikate anaingia bandani linapolala gari, anafunga mlango, na Mama Kishindo akiwa jikoni anasikia mumewe anaongea kwa sauti ya chini, anabembeleza, ananyamaza kusikiliza, anacheka. Akadhani kilekile walichodhani majirani. Alikaa na wivu wake kama mtu aliyemeza mfupa, kisha jioni moja, mwanga bado upo, akaenda bandani bila kuvaa viatu.

Alimkuta mumewe peke yake kwenye usukani, simu imezimwa juu ya dashibodi. Baba Kishindo hakushtuka. Alimfungulia mlango wa pili kama mtu aliyekuwa akimsubiri, akamwambia kwa kunong'ona aingie, aketi, amwite.

"Nimwite nani?"

"Mwite mtoto."

Mama Kishindo angeweza kupiga kelele, kuita majirani, kusema mume wangu amerukwa na akili. Lakini na yeye alikuwa na kiu ileile. Aliketi. Akafungua mdomo, na jina ambalo hakuwa amelitamka tangu siku ya mazishi likamtoka vipandevipande.

"Abee, mama," ikaitika nyuma yake, karibu sana, pumzi yenye harufu ya dawa ikampiga shingoni, na kabla hajajijua mkono wake ulikuwa umekwenda nyuma kati ya viti, kama mama anavyompa mtoto mkono bila kutazama, na kitu kikaushika, vidole vidogo, vikavu, vya baridi kama vya mtu aliyetoka kushika barafu, vikaupapasa mkono wake kidole kimoja baada ya kingine, taratibu, kama kitu kinachojifunza mkono wa binadamu umeumbwaje, vikafika kwenye pete, vikaizungusha, na yeye bado hauondoi mkono, kwa sababu huenda kuna chembe moja tu, chembe moja, ya kwamba ni yeye.

"Kishindo," akaita tena.

"Abee, mama."

Ndipo alipouchomoa mkono. Alizungumza bila kugeuka, taratibu, kwa sauti ambayo mumewe hakuwahi kuisikia.

"Mwanangu haitiki hivyo. Mwanangu huitika naam."

Nyuma pakawa kimya. Ulikuwa ukimya wa mtu anayesikiliza.

Na ilikuwa kweli. Mtoto wa kike huitika abee, kila mama anamfunza bintiye, na Mama Kishindo alimfunza akachoka. Lakini Kishindo alikuwa akishinda na babake kiwandani, akisikia wapishi na wachukuzi wanavyomwita bosi naye anavyoitika naam, basi na yeye akashika hiyohiyo. Ukimwita chooni, naam. Ukimwita kitandani, naam, tena kwa kukaza sauti kama mwanamume mwenye ndevu. Asubuhi ile ya mwisho hospitalini mama alimwita akaitika naam, hafifu, kwa kulazimisha, na mama akamtania, abee, mwanangu, abee, na mtoto akatabasamu. Halikuja neno jingine baada ya hapo.

Jikoni, Mama Kishindo alimwambia mumewe kwamba kile kitu si mtoto wao. Ni jini limevaa sauti yake.

"Najua," alisema Baba Kishindo.

"Unajua tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza, kwenye mvua. Niliisikia ile abee nikajua si yeye." Alikuwa anatazama mikono yake. "Lakini anaitika, Mama Kishindo. Makaburini nimeita mpaka sauti imekauka, haitiki mtu. Huyu anaitika."

Mama Kishindo alilia hapo, akamshika mumewe kichwa akakilaza kifuani kwake, na kwa muda walikuwa kama zamani. Kisha akamwomba kitu kidogo tu. Alimwambia amkumbushe mtoto alivyokuwa akicheka, maana alikuwa na cheko lake la kuvuta pumzi kama bata. Baba Kishindo akafungua mdomo. Hapakuwa na kitu. Akafunga, akafungua tena, akaanza kutafuta huku macho yanamtoka, na cheko pekee lililomjia lilikuwa lile la garini, dogo, safi, la adabu. Akatafuta ile naam iliyokazwa. Alikuwa anajua kwamba iliwahi kuwepo, kama unavyojua kwamba uliwahi kuwa mtoto mchanga, lakini kuisikia haisikii.

Usiku huo hawakulala, na kesho yake Baba Kishindo alikwenda yadini. Mnadhani alikwenda kulirudisha? Alikwenda kukubaliana na Bwana Tai. Atauza tanuri kubwa, atabaki na dogo, na karatasi watatia saini kesho. Ndivyo alivyokuwa ameshikwa. Njiani sauti ilikuwa haisubiri tena kuitwa, ilikuwa inauliza yenyewe kutoka kiti cha nyuma, "Baba, utaninunua lini? Tukiondoka mama atabaki, si ndiyo?" na yeye akajisikia anajibu ndiyo.

Mama Kishindo naye hakukaa bure. Alimfuata Mama Sare, mwanamke wa makamo aliyekuwa akishona sare za shule na, kwa wale waliomjua vizuri, alikuwa mtoa majini. Alikuja kesho yake mchana, jua la utosi, utepe wa kupimia bado uko shingoni, mkononi kafuko ka ubani. Baba Kishindo alikuwa amekwisha kuliwasha gari aende kutia saini, na Mama Sare akasimama tu mbele ya boneti, akatulia, kama mtu anayesubiri zamu yake dukani. Ikabidi alizime.

Mama Sare alizunguka gari mara moja akinusa. Akachungulia nyuma, akaguna. Aliwaambia kwamba huyu si wa kuua, si wa kuangusha watu, ni wa aina ile inayokaa kwenye vitu vilivyoachwa na kungoja mwenye msiba apite. Chakula chake ni kuitwa. Kila ukimwita anakula wito wako, na wito ukiliwa, aliyekuwa akiitwa kwelikweli anafifia.

"Kwa hiyo namwua mara ya pili," alisema Baba Kishindo.

"Unamsahau. Mimi sina la kukuficha, baba. Huyu siwezi kumtoa kwa ubani peke yake wakati wewe unamwita kwa mlango wa pili. Ni wa kuachishwa, kama mtoto anavyoachishwa ziwa, na ziwa ni lako." Alikuwa tayari anapuliza makaa kwenye chetezo. "Ingia. Mwambie habari ambayo hujawahi kuitamka."

Basi akaingia. Mkewe alisimama nje ya kioo, Mama Sare akaanza kuzungusha moshi akisoma dua zake kwa sauti ya chini. Ndani ya gari baridi ikapanda mpaka vioo vikafanya ukungu, jua lote lile likiwa nje. Harufu ya dawa ya kikohozi ilikuja nzito kuliko siku zote, na chini yake ikaja nyingine, ya kitu kilichofungiwa muda mrefu mahali pasipo hewa.

"Mwanangu," alisema, akasita. Hakuita jina. "Mwanangu alifariki."

Nyuma mkanda ulilia, ule mlio wa mkanda unaovutwa kwa nguvu.

"Nilimwosha uso mwenyewe. Nilimbeba mwenyewe. Mwanangu ni marehemu. Hayupo kwenye gari hili na hayupo mahali popote ninapoweza kufika kwa gari."

Basi kile kitu kikaanza kulia, kilio cha mtoto, kikaegemea kiti cha baba, akahisi paji dogo la uso likimgusa kisogoni kupitia ngozi ya kiti, na vidole vikampita begani vikatafuta shavu lake, vya baridi, vikavu, na kikaomba, kikasema baba nina baridi, baba kule kuna giza, baba usinishushe, kikasema yote ambayo mzazi aliyezika huyasikia mvua ikinyesha usiku na kuyafukuza, naye akashika usukani kwa mikono yote miwili, na mkewe nje anapiga kioo kwa kiganja anasema vumilia, mume wangu, vumilia, na hapo, katikati ya kilio, sauti ikanyamaza, ikajikohoza, ikakaza koo kama mwanamume mwenye ndevu.

"Naam, baba."

Ilikuwa yenyewe. Mkwaruzo, mkazo, na kicheko kidogo kilichojificha mwishoni. Jini lilikuwa limefunzwa na mama mwenyewe, kwa neno moja alilolitamka kwa uchungu, nalo lilikuwa limekaa likijifunza mpaka likapatia.

Baba Kishindo alitoa sauti ambayo si neno. Hakuliita jina. Akafungua mlango, akatoka kwa magoti, akaangukia mchangani. Mama Sare akafungua mlango wa pili, akaingiza chetezo ndani, na moshi ukatoka upande wa pili umebeba ile harufu, ukapita juu ya ukuta, ukaenda zake. Gari likabaki linanuka ngozi na ubani. Kilichokuwamo kilikuwa kimetoka.

Walilirudisha siku hiyohiyo, wote wawili, vioo vikiwa wazi. Bwana Tai alishangaa sana. Aliuliza kama ni injini, kama ni bei, akasema bei inazungumzika, kama ni ile sensa itabadilishwa bure, sasa tatizo ni nini, bosi wangu, gari si mlishalipenda?

"Gari halina tatizo," alisema Baba Kishindo, akamwekea funguo mkononi. "Ni zuri sana. Ila hatuna mtu wa kukaa nyuma."

Bwana Tai alimtazama usoni. Akainamisha kichwa akaenda mwenyewe kuwaletea gari lao la mikate, lakini betri ilikuwa imelala kwa kukaa, kwa hiyo wakasema watalifuata kesho, wakaondoka kwa miguu. Mama Kishindo alimshika mumewe mkono. Alimwambia polepole kwamba lile cheko la bata litarudi, wampe muda, atamkumbusha kidogo kidogo. Yeye akaitikia kwa kichwa. Walitembea, wakapita maduka, wakapita shule, watoto wanatoka kwa vurugu, na katikati ya vurugu ile Baba Kishindo aliisikia nyuma yake, karibu kabisa, upande wa kushoto.

"Naam, baba."

Mkewe hakusikia. Watu walikuwa wanapita na mambo yao, na hapakuwa na mtu aliyeita. Ni yeye tu aliyejua kwamba sekunde hiyo, bila kufumbua mdomo, alikuwa amemwita mwanawe moyoni. Inaweza kuwa ni kumbukumbu yake inarudi, kama mkewe alivyoahidi, ile naam ya kweli inapanda kutoka ilikokuwa imezama. Na inaweza kuwa ni yule. Sauti zote mbili sasa zilikuwa sawasawa, na hakuna mtu duniani wa kumwambia ni ipi, na hataweza tena kumkumbuka mtoto wake bila kuogopa.